Baba Kasafiri, Viatu Vimebaki

Saa kumi jioni ilikuwa saa nzuri nyumbani kwetu. Jua limeshahamia upande wa pili wa nyumba, chumba cha mbele kimepoa, chai iko mezani imefunikwa na sahani. Mimi niko kwenye cherehani nashona sare za shule. Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka tisa, amelala kifudifudi sakafuni na daftari lake, anahesabu kwa vidole akidhani simwoni. Mume wangu ameshavua viatu vyake vya kazi, kaviacha nje kizingitini, kaingia chumbani kunyoosha mgongo. Mtu angetuchungulia dirishani angesema, hawa wamebarikiwa. Na amani ilikuwepo kweli, mpaka mlango ubishwe.

Ndugu zangu, ningeweza kuwaambia kwamba nyumba hii ni ya jirani. Habari za namna hii husimuliwa hivyo mara nyingi, na msikilizaji hukaa vizuri zaidi kwenye kiti chake jambo likiwa la jirani. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimeanza na kosa lile lile ninalotaka kuwaonya. Nyumba ni yetu. Wenye kosa ni mimi na mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Mzee wa Baridi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu hapandishi sauti. Pia ni mzee wa kanisa. Ukiunganisha mambo hayo mawili, mlango wetu haukuwa na siku ya mapumziko. Huyu friji yake haigandishi. Yule kagombana na mkewe anataka kusuluhishwa. Mwingine ana mgonjwa wa kuombewa. Kuna bwana mmoja alikuja na yote kwa pamoja: friji imekufa, nyama imeoza, mke amenuna kwa sababu ya nyama, na yeye mwenyewe tumbo linamuuma kwa sababu aliila.

Mume wangu alichoka. Nataka mnielewe hapo. Haukuwa uchovu wa kujidekeza. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anabeba mtungi wa gesi begani kutoka mtaa hadi mtaa, anarudi magoti yanalia. Akikaa, anasinzia na kikombe mkononi. Nami nilichoka kwa kumwona amechoka.

Siku ya kwanza haikuwa na uzito wowote. Mlango ulibishwa, mume wangu akafumba macho akasema, "Mwambie sipo." Binti yetu akaenda akasema, "Baba hayupo." Mgeni akaondoka. Mume wangu akalala saa nzima bila kugeuka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa ile saa. Mnaona? Nilimshukuru Mungu kwa uongo.

Binti huyo tunamwita Kasuku, maana tangu aanze kusema hakusahau neno alilosikia. Kazi ya mlango tulimpa yeye. Mwanzoni alikuwa anasema "hayupo" huku anaangalia miguu yake. Baada ya mwezi akawa anaangalia watu machoni. Baada ya miezi mitatu hakuhitaji kuambiwa. Akisikia hatua nje anainuka mwenyewe, anavuta pazia la chumbani, anakwenda.

Siku moja mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa bado yuko mlangoni, mume wangu akapiga chafya huko ndani.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Paka," akasema Kasuku.

"Paka ana mafua?"

"Ndiyo, tangu juzi. Tumempa dawa."

Yule mama aliondoka akitupa pole kwa ajili ya paka. Sisi hatuna paka. Tulicheka siku hiyo mpaka mume wangu akafuta machozi kwa shuka. Hatukuuita uongo. Tuliuita kupumzika. Na kila Jumamosi asubuhi mume wangu alikuwa anafundisha darasa la wanaojiandaa kubatizwa, anawaambia kwamba mtu wa Mungu hana maneno ya kanisani na maneno ya nyumbani. Alikuwa anafundisha vizuri. Mkicheka si vibaya, ila mkimaliza kucheka jiulizeni mlango wenu husema nini mnapokuwa ndani.

Sasa niwaambie habari za shemeji yangu.

Mume wangu ana mdogo wake mmoja tu, seremala. Watu wanamwita Msumari, kwa vile ni mwembamba na husimama wima hata akiwa hana kitu mfukoni. Msumari alikuwa mlevi. Alikunywa mpaka mkewe akafungasha, akachukua watoto wawili, akarudi kwa wazazi wake. Hapo ndipo aliposhtuka. Alikuja kwetu akapiga magoti sebuleni, akaombewa, akaacha.

Mkewe hakusadiki haraka, na simlaumu. Alisema, "Kaa miezi miwili bila kunywa. Ukifika, nitarudi na watoto. Usipofika, usinitumie hata salamu."

Basi mume wangu akafanya mapatano na mdogo wake mbele yangu. Akamwambia, "Mdogo wangu, kiu haimkamati mtu siku nzima. Inakuja kama mvua ya rasharasha, inapita. Ikikukamata, usibishane nayo peke yako. Njoo kwangu, saa yoyote. Tutakaa mpaka ipite."

Na walikaa kweli. Mara kumi na nne katika siku hamsini na mbili, maana Msumari alikuwa ananiambia idadi kama mtoto anayehesabu meno yaliyong'oka. Anakuja, anaketi kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, mikono inatetemeka, jasho linamtoka. Mume wangu anakaa naye. Wakati mwingine wanaomba, wakati mwingine wanabishana tu kuhusu mpira. Baada ya saa moja au mbili Msumari anapumua kwa nguvu, anasema, "Imepita, shemeji. Chai ipo?" Kasuku alijua kwamba baba mdogo si wa kuambiwa "hayupo". Yeye alikuwa anafunguliwa.

Zilibaki siku nane tu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mume wangu alikuwa amekesha siku mbili kwenye chumba cha baridi cha duka kubwa la nyama, mashine yake ilikuwa imegoma na nyama ikitaka kuharibika. Alirudi saa tisa mchana, uso una rangi ya majivu. Alipokuwa anavua viatu alishindwa kufungua kamba, nilimfungulia mimi. Akaniambia, "Leo usiniletee mtu." Akaenda kitandani bila kula.

Mimi ndiye niliyemwita Kasuku. Mimi, si mwingine. Nilimwambia, "Leo mtu yeyote akija, baba hayupo."

"Yeyote?"

"Yeyote. Hata malaika akija, baba kasafiri. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Saa kumi na nusu mlango ukabishwa. Nilikuwa kwenye cherehani nyuma ya pazia la chumba cha kati. Nikasikia Kasuku anafungua.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, Kasuku wangu. Baba yupo?"

Sauti ilikuwa kavu. Niliijua sauti hiyo. Nilijua amekuja kwa sababu gani.

"Hayupo. Kasafiri."

"Kasafiri? Jana si alikuwa kazini?"

"Kasafiri leo. Atarudi Jumatatu."

"Kasafiri peku?"

Ndugu zangu, viatu vilikuwa pale kizingitini, karibu na miguu yake. Mume wangu hana viatu vingine vya kazi, na mdogo wake anajua hilo kuliko sisi sote, maana yeye ndiye aliyevipigilia soli mwezi uliopita.

"Ana vingine," akasema Kasuku.

"Ahaa. Na mama je?"

"Mama kaenda sokoni."

Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani. Niliuinua polepole ili mashine isilie. Hicho ndicho nilichofanya. Nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja, "Shemeji!" Nikasema moyoni, nikitoka sasa nitamwaibisha mtoto, nitajiaibisha na mimi. Nikasema, atarudi kesho. Nikasema, leo si lazima iwe kiu, labda amekuja kusalimia tu. Uongo ukishafunguliwa mlango wa mbele, unaingia mpaka ndani kichwani.

"Sawa, mwanangu," nikamsikia anasema. "Funga mlango vizuri."

Hakuusukuma. Hakuniita. Nilisikia hatua zake zinaenda, zinasimama kidogo, kisha zinaenda.

Kesho yake, saa nne asubuhi, seremala mwenzake alikuja mbio na aproni yake ya kazi. Msumari alikuwa ameingia karakana na pombe ya usiku kucha kichwani. Alitafuna tangawizi ili msimamizi asinuse. Akasimama kwenye msumeno wa meza, ule wa umeme, akasukuma ubao kama alivyosukuma mbao maelfu. Mkono wa kulia. Vidole vitatu vikabaki kwenye vumbi la mbao.

Twende sasa hospitali, maana huko ndiko tulikoharibu zaidi.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Msumari amelazwa karibu na ukuta, mkono umefungwa bandeji nene kama kichwa cha mtoto mchanga. Mchungaji wetu yupo, amesimama miguuni pa kitanda. Mke wa Msumari naye yupo. Alipata habari akaja peke yake, amekaa ukingoni mwa benchi na mkoba wake mapajani, kama mtu ambaye hajaamua kama anakaa au anaondoka. Tukaingia sisi watatu.

Tulisalimiana. Halafu yule mke akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, naomba nikuulize jambo moja. Mlikubaliana kiu ikimkamata aje kwako. Juzi alikuja?"

Nilimtazama mume wangu. Mchungaji alikuwa anamtazama. Hata wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio, mnajua wodi ilivyo. Mume wangu alifungua mdomo, akafunga. Kisha akasema, "Sikuwepo."

Neno moja. Angeishia hapo labda lingekufa lenyewe. Lakini Kasuku alidhani baba amekwama anahitaji msaada.

"Baba alikuwa amesafiri," akasema. "Alirudi jana na basi la asubuhi. Kiti chake kilikuwa dirishani."

Hakuna aliyemwomba habari ya kiti. Aliisema kwa uso mtulivu kabisa, ananitazama kidogo kama mtoto anayengoja kupigiwa makofi. Mtoto huyu, nikawaza, tumemlea kwa maombi na nyimbo, na leo ametuzidi.

Msumari alikuwa amefumba macho. Tulidhani amelala. Akasema bila kuyafumbua, "Msimsumbue kaka. Sikwenda kwake. Nilipita njia nyingine."

Fikirini jambo hilo. Yeye alijua. Aliona viatu, alisikia kimya cha cherehani. Angesema neno moja tu na aibu ingekuwa yetu. Lakini aliona mchungaji yupo, akaona kaka yake ni mzee wa kanisa, akaamua kutubebea. Na sisi tulimwacha abebe, mtu mwenye mkono mmoja tu mzima.

Mkewe aliinuka. Hakupiga kelele.

"Basi ni wewe mwenyewe," akamwambia. "Ulikuwa na mlango, na hukubisha. Mimi ningerudi kwa mtu aliyebisha akakosa mtu. Kwa mtu ambaye hakubisha siwezi."

Akaondoka na mkoba wake. Msumari aligeuza uso ukutani. Mchungaji akaomba, maombi marefu na mazuri, na mume wangu akasema "Amina" ya mwisho kwa sauti kuliko wote.

Siku kumi na moja zilizofuata sitaki kuzirefusha. Tulikula, tulifanya kazi, tulikwenda ibadani. Mume wangu akipiga magoti kuomba, anakaa kimya mpaka miguu inakufa ganzi, kisha anainuka. Mlango ukibishwa, Kasuku anakwenda kama kawaida. Hatukuwa na nguvu ya kumkataza, maana kumkataza kungetulazimu kumweleza kwa nini. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea habari za chumvi na sabuni. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Siku ya kumi na mbili, saa kumi jioni, kukawa na hodi. Safari hii Kasuku alikuwa uani anaosha vyombo, nikafungua mwenyewe. Alikuwa mwalimu wake wa darasa, pamoja na wanafunzi wawili waliovaa sare. Mmoja ameshika mfuko wa sukari. Nyuso zao zimeinama.

"Poleni sana na msiba, mama," akasema mwalimu.

"Msiba gani, mwalimu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake amechanganyikiwa kwa majonzi. "Msiba wa shemeji yako. Mtoto alitueleza yote. Kwamba baba yake mdogo alifariki kwa mashine, mkazika Jumanne. Darasa zima lililia. Tukamwambia asijali kazi za nyumbani mpaka atakapotulia."

Nilishika fremu ya mlango. Nikamwita Kasuku. Alikuja na mikono yenye povu, akamwona mwalimu, akasimama.

"Kasuku, umesema nini shuleni?"

Akaangalia povu mikononi mwake.

"Kwa nini umemuua baba yako mdogo?"

Machozi yakaanza kumtoka, lakini alinijibu kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo wote wanalijua.

"Nilikuwa nimechoka, mama."

Mwalimu hakuelewa. Mimi nilielewa. Na nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia, mume wangu anainuka. Alitoka chumbani, mbele ya mwalimu na wale watoto wawili na mfuko wao wa sukari, akasimama peku.

"Mwalimu," akasema, "hakuna aliyekufa. Mtoto amesema uongo. Lakini hakujifunzia shuleni kwako. Amejifunza hapa, kwangu, kwenye mlango huu."

Akaeleza, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti yake ile isiyopanda. Alipofika siku ya Alhamisi alisema neno ambalo hata mimi sikuwa nalijua.

"Nilimsikia mdogo wangu. Sikuwa nimelala. Nilisikia hata alipouliza habari ya viatu. Nikasema nipate dakika tano tu, kisha nimfuate. Nikafumba macho. Nilipofumbua kulikuwa giza."

"Na mimi nilimsikia," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na lilitoka kama mwiba.

Mwalimu alikuwa mtu mzima. Hakutuhubiria. Aliomba wale watoto waache sukari mezani hata hivyo, akasema kazi za nyumbani za Kasuku zianze kesho, zote, na za nyuma. Akaaga.

Mume wangu akaketi sakafuni karibu na binti yake.

"Mwanangu, siku ile sikuwa nimesafiri."

"Najua, baba."

"Ilikuwa dhambi yangu. Wewe ulitumwa tu."

Kasuku akafuta pua kwa mkono wenye povu. "Ya kwako? Mbona mimi ndiye ninayeitubu kila nikilala?"

Mume wangu alimkumbatia akaanza kulia. Sijawahi kumwona analia namna ile, na sikumnyamazisha.

Kesho yake hakwenda kazini. Tulikwenda kwanza kwa mchungaji. Mume wangu alirudisha ufunguo wa ofisi ya kanisa, akaomba darasa la ubatizo apewe mwingine. Mchungaji aliuliza kama jambo hili haliwezi kumalizwa pale pale baina yetu, kwa utulivu, ili watu wasikwazike. Mume wangu akasema, "Mchungaji, lilimalizwa kwa utulivu hospitalini, na angalia lilivyozaa." Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya ushirika wote akalisema. Wengine waliguna. Yule mama wa paka aliinamisha kichwa. Baada ya ibada watu walitusalimia kwa ncha za vidole, na friji za mtaa ule zilipata fundi mwingine kwa muda mrefu.

Tukaenda kwa mke wa Msumari, mwendo wa nusu siku. Tulimkuta anaanika nguo. Mume wangu alisimama juani akamweleza kwamba mdogo wake alikuja, alibisha, na aliambiwa uongo; na pale kitandani alisema uongo ili kumfunika yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho, kibanio cha nguo mkononi.

"Kwa hiyo alibisha," akasema.

"Alibisha."

"Nimechoka na wanaume wa nyumba yenu, shemeji. Mlevi na mtakatifu, sijui yupi ananichosha zaidi." Akabana shati moja, akabana la pili. "Nitafikiri. Msinisukume."

Ndipo tukaenda kwa Msumari mwenyewe. Alikuwa ameshatoka hospitali, yuko kwenye chumba chake cha kupanga, anajifundisha kushika nyundo kwa mkono wa kushoto. Ubao wa mazoezi ulikuwa na misumari iliyopinda zaidi ya ishirini. Mume wangu alipiga magoti, kama yeye alivyopiga magoti kwetu siku ile ya kwanza. Akaomba msamaha. Msumari aliendelea kutazama nyundo.

"Inuka, kaka. Sakafu ina vumbi."

"Siinuki mpaka uniambie neno."

Msumari akaweka nyundo chini.

"Neno gani? Nilipoona vile viatu nilisema, kama kaka yangu anajificha nisimwone, basi hata Mungu ambaye kaka ananiombea kwake labda naye yuko ndani, ananitumia mtoto. Nikaenda kunywa. Sikunywa kwa kiu, kaka. Ile kiu niliisahau pale pale mlangoni." Akaokota msumari mmoja uliopinda. "Ungesema tu, 'Nipo, ila nimechoka, siwezi kusimama.' Ningekaa kizingitini nikakusikiliza unavyokoroma mpaka ipite. Sikuwa nataka maneno yako. Nilitaka kujua kwamba ndani kuna mtu."

Akampa mkono wa kushoto kumwinua. Hakusema kwamba amesamehe, na mpaka leo hajasema. Mkewe huja na watoto Jumamosi, hupika, huondoka jioni. Hajarudi na hajakataa. Mume wangu hupita kwa mdogo wake kila akitoka kazini, anakaa, wanabishana kuhusu mpira. Siku nyingine anasinzia pale pale kwenye kiti. Msumari humwacha asinzie.

FUNZO KWA WENYE MILANGO

Wapendwa, kuchoka si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alichoka akaketi kisimani, na hakumtuma mtu aseme hayupo. Dhambi ni kuufunika uchovu kwa uongo na kuuita uongo huo busara. Tunadhani ukweli wa Mungu unahitajika siku ya kesi kubwa, siku ya kuapa, siku ya kusimama mbele za watu. Kumbe unahitajika zaidi saa kumi jioni, mgongo unauma, hodi ya tatu inapigwa. Anayeshindwa hapo atashindwa na wodini, maana mdomo ni ule ule.

Wazazi, msimtume mtoto kusema yasiyokuwepo. Mtoto hajui kwamba uongo wako una mpaka. Yeye ataubeba na kuuvukisha mpaka, kisha usiku atautubu peke yake kana kwamba ni wake.

Na wewe uliyechoka leo, sema ukweli mdogo ulio nao: "Nipo. Nimechoka. Siwezi sasa." Aliyekuja atakasirika au ataketi kukungoja, lakini hataondoka akidhani kwamba ndani ya nyumba ya Mungu hakuna mtu.

Bwana atusaidie sisi tuliochoka. Amina.